Maswali ya Wasomaji: Mbegu ya paini uliyookota haikwambii baba yake ni nani

Mwezi huu barua zimejaa mezani na nyingi zinaulizia paini, naona ni kwa vile msimu wa kuotesha umefika na watu wameshaanza kujaza viriba, kwahiyo toleo hili lote nimewaachia paini na ndugu zake, ya parachichi na milingoti tutayarudia. Barua ndefu nimezipunguza ila maana sijagusa.

Shikamoo mama. Nina ekari tatu za paini huku Makete, zina miaka sita. Mbegu niliokota mwenyewe kwenye shamba la jirani siku anavuna, shamba lilikuwa zuri sana, miti imenyooka kama mishale. Sasa ya kwangu nusu imepinda, mingine ina vichwa viwili, matawi manene. Jirani anasema ni udongo. Ni udongo kweli? – Mkulima, Makete

Marahaba mwanangu, na pole sana, miaka sita si mchezo kukisubiri kitu halafu kikuangushe.

Tuanze na udongo maana jirani yako sio kwamba kapotea kabisa. Ingia shambani asubuhi utembee mstari kwa mstari, usitazame juu, tazama shina kuanzia chini. Kama miti karibu yote imeinamia upande mmoja, hasa ile ya pembeni, huo ni upepo. Kama imepinda kule chini kabisa karibu na ardhi, chimbua mmoja uangalie mzizi, ukikuta umejikunja kama ndoano basi mche ulikaa mno kwenye kiriba au aliyepanda aliusokomeza kwenye kashimo kadogo. Ila kama mti ulionyooka umesimama hatua tatu tu kutoka kwa uliopinda, udongo uleule, upepo uleule, mtu yuleyule kapanda siku ileile, na hiyo hali imetawanyika shamba zima bila mpangilio, hapo mwanangu ni damu. Na kwa ulivyoandika, mimi naona ni damu.

Sasa nikuulize, siku ile uliokota koni, yale matunda magumu yanayobeba mbegu, kwenye miti ipi? Nimeshinda kwenye mavuno mengi huku Nyanda za Juu na kinachotokea ni kilekile. Mti mzuri mrefu koni zake ziko juu huko na wala si nyingi, ukianguka zinafunikwa na matawi, mashine ya dingdong ya kupasulia mbao inaunguruma, kila mtu anahangaika na magogo. Wakati ule mti wa pembeni uliojiachia matawi kama mwembe, koni zimejaa mpaka chini, mtoto anazifikia kwa mkono, gunia linajaa kabla ya saa nne. Kwahiyo shamba ulilolipenda ni la miti iliyonyooka lakini gunia ulilobeba nyumbani linaweza kuwa limetoka kwa ile miti mibaya kuliko yote. Hukujua, na wengi hawajui.

Na hata kama ulichagua mti mzuri, hapo umemjua mama tu. Paini inachavushwa na upepo. Si umeshawahi kuona ule unga wa njano unaotanda juu ya madimbwi, watu wanasema ni vumbi, ile ndo chavua ya paini, inaruka kilomita na kilomita. Baba wa mbegu yako anaweza kuwa mti uliopinda kwenye shamba la mtu wa kijiji cha pili. Halafu kuna jambo la tatu, mti unaweza kunyooka kwa sababu tu ulibanwa na wenzake pande zote ukawa hauna pa kwenda ila juu, huo uzuri ni wa mazingira, haurithishwi.

Cha kufanya sasa, usikate zote kwa hasira. Kama ulipanda mita tatu kwa tatu una miti kama 450 kwa ekari, na mpaka kufikia mbao kubwa huhitaji kubaki hata na nusu yake. Kwahiyo ukianza kupunguzia, anza na iliyopinda na yenye vichwa viwili hata kama ni minene, hapo ndo watu wanashindwa, mtu anaona mti mnene umepinda anauonea huruma anakata mwembamba ulionyooka. Uza nguzo, uza kuni. Iliyobaki ipogolee vizuri itakulipa. Ila mbegu usichukue humo ndani kamwe, na ukisikia watoto wanaokota koni shambani kwako kwenda kuuza kwenye vitalu, wazuie.

Mama habari za kazi. Sisi ni kikundi cha akina mama tisa, tuna kitalu. Mbegu tunauziwa na vijana wanaopita nayo kwenye kopo. Tulienda kuulizia mbegu bora tukatajiwa bei ya kilo tukarudi nyumbani kimya. Hiyo mbegu bora ina nini cha ziada, si paini ileile? Na tutajuaje kama si ya kwenye kopo imetiwa kwenye pakiti? – Kikundi cha kitalu, Njombe

Salama kabisa mama zangu, hongereni kwa kitalu.

Kwanza nani kawaambia mnunue kilo? Hebu tupige hesabu pamoja. Hii paini yetu, patula, kilo moja ina mbegu zaidi ya laki moja. Yaani gramu moja tu ni mbegu mia na kitu. Ekari moja kwa mita tatu kwa tatu inataka miche 450, wekeni na ya kurudishia iwe 500. Tuseme kila mbegu mia mnapata miche 60 ya kufika shambani, basi gramu nane na kidogo zinatosha ekari nzima. Gramu nane za mbegu ya paini hazijazi hata kiganja cha mtoto. Gawanyeni ile bei ya kilo mtaona gharama ya mbegu kwa ekari ni ndogo kuliko ya viriba na udongo na wa kumwagilia, na huo mti utakaa ardhini miaka 18 na zaidi. Mimi inaniuma sana nikiona mtu analipa vibarua wa kulima, anapalilia, anachonga barabara ya moto kila mwaka, halafu alichobana ni mbegu.

Sasa ina nini cha ziada. Niwaeleze inavyopatikana maana ukijua kazi yake hutashangaa bei.

Watu wa misitu wanaingia kwenye shamba kubwa, tuseme kama Sao Hill kule Mufindi ambako majaribio ya kupanda yalianza 1939, wanatembea maelfu ya miti wakitafuta mmoja. Mmoja kweli. Awe mrefu na mnene kuliko majirani zake wa umri uleule, shina limenyooka, matawi membamba yanayotoka karibu kama mkono ulionyooshwa pembeni, sio yanayopanda juu, maana tawi nene likipanda juu linaacha jicho kubwa kwenye mbao. Anapimwa na majirani zake, asipowashinda anaachwa. Akishinda anapigwa rangi, anapewa namba. Huyo ndo mti teule.

Kisha wanachukua vikonyo, yaani vitawi vya kubebeshea, na sio vya chini, vinachukuliwa kileleni kabisa kule penye koni. Mti una mita 25, 30, kuna nchi watu wanavipiga kwa bunduki, nasema kweli, mtu analenga tawi la kidole linaanguka. Kikonyo kinakuwa na unene wa penseli hivi, kinachongwa kama kabari, kinachomekwa kwenye mche mdogo uliopasuliwa kichwani, kinafungwa na utepe, kinafunikwa nailoni kisikauke. Kubebesha kama tunavyobebesha miembe. Na siri yake iko hapa, kile kikonyo kinaendelea kujiona ni mzee, kwahiyo kinazaa koni mapema kikiwa kifupi, hamna haja ya kupanda juu.

Mnachukua vikonyo vya miti teule mingi, makumi kwa makumi, mnaipanda shamba moja mkiichanganya ili ndugu asikae karibu na ndugu, mbali na mapaini ya kawaida ili chavua ya ovyo isiwe nyingi. Hapo mama anajulikana na baba naye ni mmojawapo wa wateule. Hilo ndo shamba la mbegu.

Lakini bado, maana niliwaambia sura inadanganya. Kwahiyo watoto wa kila mti teule wanapandwa sehemu kadhaa, mwinuko tofauti, mvua tofauti, kila familia na mstari wake, wanapimwa miaka. Hapo unakuta mti uliokuwa unang'aa watoto wake ni wa kawaida kabisa, na mwingine ambao wala haukuvutia sana watoto wake wote wamesimama kama askari. Ule wa kwanza unarudiwa kule kwenye shamba la mbegu unakatwa. Kinachobaki ndo mnachouziwa. Na kuna vitu vinarithishwa kirahisi kuliko vingine, uzito wa mbao unarithishwa sana, kunyooka wastani, ukuaji wa unene ndo mgumu kidogo kwa sababu mazingira yanaingilia, hivyo msitegemee mbegu bora itafanya muujiza kwenye shamba lisilopaliliwa.

Kuhusu kudanganywa, mbegu kwa macho hamna mtu anayeweza kuitofautisha, hata mimi siwezi. Kinachokuokoa ni karatasi. Ulizeni imetoka shamba gani la mbegu au msitu gani uliosajiliwa, imevunwa lini, imepimwa uotaji asilimia ngapi. Muuzaji akianza kuzunguka, rudini nyumbani. Vituo vya mbegu za miti vilivyo chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, Morogoro, Iringa na Lushoto, wanatoa hizo taarifa, na ulizeni pia mashamba ya mbegu yaliyofunguliwa huku kwetu wakati wa mradi wa Panda Miti Kibiashara, ule uliosaidiwa na Finland kuanzia 2014. Agizeni mapema, inaisha.

Kitu kidogo tu nisisahau. Mchanganyiko wenu wa kiriba utieni udongo mweusi wa chini ya paini kubwa, ule wenye nyuzinyuzi nyeupe, una kuvu rafiki wa mizizi. Bila huo hata mbegu bora itakaa ya njano imedumaa. Paini zilipoletwa mara ya kwanza Afrika Mashariki ziligoma mpaka watu walipogundua hilo.

Mama, nasoma misitu mwaka wa pili. Tumefundishwa kuhusu kuhifadhi jeni za paini huko Mexico na Amerika ya Kati. Naomba unieleweshe, sisi inatuhusu nini? Mbegu bora tunazo, zile za porini huko kwao hazijaboreshwa hata kidogo, za nini? – Mwanafunzi, Morogoro

Swali lako nimelipenda mwanangu na nitalijibu kwa urefu maana wakubwa wengi wanaliuliza ila kwa kunong'ona.

Umewahi kusikia paini inaitwa radiata ikipandwa hapa? Huijui, na kuna sababu. Ilipandwa sana Kenya na Tanganyika, ilikuwa inakua kwa kasi watu wanaifurahia. Mwishoni mwa miaka ya 50 kukaonekana ugonjwa wa kuvu kwenye sindano zake, yale majani membamba, unaitwa Dothistroma, sindano zinapata mikanda myekundu, zinakauka kuanzia chini ya mti kupanda juu, mti unabaki na kishungi kileleni. Mwanzoni mwa miaka ya 60 ikabidi kuachana nayo. Kilichotuokoa ni kwamba kulikuwa na patula pembeni, yenyewe ugonjwa ule inauvumilia vizuri. Kama tusingekuwa na mti mwingine mkononi leo Mufindi isingekuwa Mufindi.

Sasa hiyo radiata duniani imepandwa kama hekta milioni 4, New Zealand, Chile, Australia, Hispania. Unajua kwao asili iko wapi? Sehemu tano tu. Vipande vitatu vya pwani ya California na visiwa viwili vya Mexico. Basi. Kimoja kati ya hivyo visiwa ni Guadalupe, kiko zaidi ya kilomita 200 baharini. Karne ya 19 watu walileta mbuzi pale wakawaacha, mbuzi wakazaliana, wakawa wanakula kila mche wa paini unaochomoza. Mipaini mikubwa ikabaki imesimama, inazeeka, inaanguka mmoja mmoja, bila mtoto hata mmoja wa kushika nafasi. Miaka ya 2000 inaanza ilikuwa imebaki kama 220. Miti mia mbili na ishirini, na ndani yake kuna jeni ambazo hazipo kwingine kokote duniani kwa paini ile. Wakajenga uzio, kisha mbuzi wakaondolewa kisiwa kizima mpaka ikafika 2007, na ndani ya muda mfupi miche ikaanza kuchomoza yenyewe chini ya wazee wale. Nikifikiria ile picha, mti umekaa zaidi ya miaka mia unadondosha mbegu zinaliwa, halafu mwaka mmoja mtoto anasimama, mwili unanisisimka.

Turudi kwa patula yetu. Kwao ni milima ya Mexico, Hidalgo, Puebla, Veracruz, Oaxaca na kwingineko. Afrika Kusini iliingia 1907, na nyingi za huku kwetu asili yake zilipitia huko. Kwahiyo mashamba yetu makubwa makubwa haya, ukifuatilia ukoo, unarudi kwa mababu wachache. Na kuboresha maana yake ni nini? Ni kuchagua, na kuchagua ni kuacha. Kila kizazi unabaki na wachache walio bora kwa unachokitaka leo, kunyooka, unene, mbao. Hujachagua kwa ajili ya ugonjwa ambao haujafika. Hapo ndo mbegu za porini zinapoingia, huko kuna miti mibaya, mifupi, imepinda, lakini mmoja una kinga ya kitu ambacho sisi bado hatujakiona.

Na hili si la kufikirika, limeshatokea. 1990 Afrika Kusini kwenye kitalu cha patula kukaonekana kuvu mwingine, Fusarium circinatum. Unaua miche kitaluni, na mingine inatoka ikiwa inaonekana mizima inakwenda kufia shambani mwaka wa kwanza. Patula ni dhaifu sana kwake. Wakahangaika, na jibu wakalipata kwa ndugu yake patula, paini inaitwa tecunumanii, ya Chiapas mpaka Nicaragua, hasa ile ya miinuko ya chini. Wanachukua chavua ya tecunumanii, ua la kike la patula linafungwa mfuko kabla halijafunguka, kadogo kale, chavua inapulizwa ndani kwa sindano kupitia kwenye mfuko. Unasubiri koni ikomae, karibu miaka miwili au zaidi, mtoto anayetoka anavumilia ugonjwa na mbao ni nzuri. Kisha wanamzidisha kwa vipandikizi.

Lakini jiulize, mbegu za tecunumanii zilitoka wapi? 1980 chuo kikuu cha jimbo la North Carolina, Marekani, kilianzisha ushirika unaitwa Camcore, wakawa wanatuma watu milima ya Amerika ya Kati na Mexico kukwea miti na kukusanya mbegu, kila mti na mfuko wake, kila bonde na rekodi yake, wakati misitu ile inakatwa kupisha mahindi na kahawa na mingine inaliwa na mbawakawa wa magome. Mbegu zikapandwa nchi mbalimbali kama akiba. Wakati wanakusanya hamna mtu aliyejua kuna Fusarium inakuja. Wangesema tecunumanii haijaboreshwa ya nini, mwaka 1990 wangeenda kutafuta dawa kwenye vilima vilivyogeuka shamba la mahindi.

Kwahiyo mwanangu inatuhusu, tena sana. Na hapahapa nyumbani kuna cha kuhifadhi. Mashamba ya zamani yaliyopandwa kwa mbegu za asili mbalimbali, yale ya majaribio yenye vibao vilivyofutika, yakivunwa bila mtu kuchukua mbegu na rekodi ndo yamekwenda. Ukipangiwa mafunzo kwa vitendo, omba kupelekwa huko. Chukua GPS, chukua daftari, andika namba za miti kabla rangi haijabanduka. Mbegu ya paini ikikaushwa vizuri na kuwekwa kwenye baridi inakaa miaka mingi, haitaki mambo makubwa.

Ila nakuonya kwa moja, usibebe vikonyo wala miche kutoka nchi nyingine mkobani eti unasaidia. Vidukari vya paini, vile vyenye pambapamba jeupe, viliingia Kenya 1968 na vikonyo vya kubebesha vilivyotoka Australia. Vililetwa na watu waliokuwa na nia njema kabisa ya kuboresha.

Habari yako mama. Niko Nyandarua. Mzee wetu alikuwa na saiprasi boma nzima, 1991 zikakauka karibu zote, zikakuwa rangi ya kahawia ungedhani zimechomwa. Zilibaki chache na ziko hapa mpaka leo. Nikitoa mbegu kwa hizo si nitapata saiprasi sugu? – Msomaji, Nyandarua

Mzuri sana mwenzangu, na poleni hata kama ni zamani, boma la miti ni kama ukuta wa nyumba.

Waliowamalizia ni vidukari vya saiprasi. Vilionekana Malawi 1986 vikapanda kaskazini, Kenya vikafika 1990. Saiprasi hiyo asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na mdudu ni wa upande wa Mediterania ya mashariki mpaka karibu na bahari ya Kaspi, yaani walikuwa hawajawahi kukutana, wakaja kukutania kwetu. Anafyonza utomvu na mate yake yana sumu kwa mti, ndo maana inakauka kama imepigwa moto. Nyigu mdogo anayetaga ndani ya kidukari aliachiliwa Malawi 1994, akasaidia.

Swali lako lina mantiki kabisa. Utafiti Kenya ulikuta familia za saiprasi zinatofautiana kuvumilia hao wadudu na tofauti inarithishwa, kwahiyo masalia ya mzee yanaweza kuwa ni dhahabu. Yanaweza pia kuwa yalibahatika tu, yalikaa kivulini au wadudu walichelewa. Utajuaje? Chukua mbegu kwa kila mti peke yake, usichanganye, otesha, panda mistari ukiibandika majina, na katikati weka mistari ya miche ya kawaida ya kulinganisha. Wadudu wakija mwaka wa ukame, maana ndo huwa wanazidi, utaona kwa macho. Na kabla ya hapo waandikie KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu Kenya, pale Muguga uwaambie una miti iliyopona 1991, waje waichukue vikonyo. Usingoje, mti mkubwa unaweza kuanguka usiku mmoja.

Shikamoo. Nina mitarakwa minne nyumbani, mizuri, haijawahi kutoa mbegu hata siku moja. Ni tasa? – Lushoto

Marahaba. Sio tasa. Mtarakwa mara nyingi mti dume na mti jike ni mbalimbali, kama mipapai. Chunguza ncha za matawi, dume ana vijikoni vidogo vya njano vinavyotoa vumbi ukivigusa, jike ana vitunda vya duara vya rangi ya buluu iliyoiva. Nadhani yote minne ni madume, au ni majike hamna dume karibu. Tafuta mbegu kwenye msitu ambako wapo wengi wa jinsia zote, kisha zimwage kwenye maji, zinazoelea nyingi ni tupu. Na tafadhali panda, huyu ni wetu wa asili, mtarakwa pekee duniani uliovuka ikweta kuja kusini wenyewe, unaanzia milima ya Uarabuni unashuka mpaka Zimbabwe, na tumeukata sana kwa nguzo za uzio kwa vile mchwa hauwezi.

Mama, nyuma ya shule yetu kuna paini moja peke yake, nzee, nene, imenyooka hadi watu wanasimama kuitazama. Tunataka wanafunzi waoteshe mbegu zake tu, kijiji kizima kipande ukoo wa mti huu. Unatushauri nini? – Mwalimu, Mufindi

Mwalimu, nia yako naiheshimu kwa moyo wote ila kijiji kizima kwa mti mmoja, hapana.

Mti uliosimama peke yake unajichavusha wenyewe kwa kiasi kikubwa. Vunja mbegu kumi kwa kucha, naamini utakuta nyingi ni ganda tupu. Zitakazoota baadhi zitatoka nyeupe kabisa zife ndani ya wiki, na zitakazobaki nyingi zitakuwa nyonge, kwa sababu mama ndo huyohuyo baba. Tuseme hata zikue, miaka kumi na tano ijayo kijiji kizima kitakuwa na ndugu wa tumbo moja wanaochavushana wenyewe kwa wenyewe, na ugonjwa ukimjua mmoja umewajua wote. Mbegu ya kupanda ichangwe toka miti isiyopungua 20 au 30 iliyo mizuri, iliyoachana mita 50 na zaidi isije ikawa ndugu, au mnunue ya shamba la mbegu, hesabu ya gramu nimeshaiweka hapo juu.

Lakini mti wenyewe msiuache. Wanafunzi wapime mzunguko wa shina usawa wa kifua, wapige picha pande nne, waandike mwaka uliopandwa, wazee wa kijiji watakuwa wanajua. Pelekeni hiyo karatasi kituo cha mbegu Iringa muwaombe waje kuchukua vikonyo vya juu, maana vipandikizi vya kuchomeka kutoka kwenye mti mzee havitoi mizizi, lazima ubebeshwe. Kisha mzungushieni kitambaa chekundu shina lake na mumwambie mwenyekiti wa kijiji na mwenye dingdong, wote wawili, mapema kabla ya kiangazi. Na koni za kijani zilizoko juu sasa hivi wala msizitungue, bado changa.